Mvula Ilinyesha Juu ya Nani? Kusoma hadithi fupi ya Grace Ogot tukiwa Butembo na Beni



Katika kitabu kidogo kama hiki, kinachosema juu ya desturi zetu, mutu anaweza kushangaa kukuta hadithi ya Wajaluo wa Kenya. Atauliza: kwetu hadithi zimekwisha? Hapana, ziko, tena nyingi. Wazee wetu walizisimulia kwenye ekyaghanda, moto ukiwaka na vijana wakitega masikio. Lakini kuko hadithi moja fupi, iliyoandikwa na mama mumoja wa Kenya, Grace Ogot, na kila mara ninapoisoma na wanafunzi ninaona inatutolea swali ambalo sisi wenyewe tunaogopa kujitolea katika mikutano yetu ya desturi. Njo maana ninaileta hapa.

Sababu ya pili ni ya kazi. Katika shule zetu tumezoea kufundisha uchambuzi wa hadithi sawa mutu anayehesabu bidhaa mbele ya kufunga duka. Watu wa hadithi: fulani na fulani. Mahali: kijijini. Wakati: zamani. Neno kubwa: mapendo. Fundisho: tupendane. Mwanafunzi anaandika, anapata saba juu ya kumi, anasahau. Sisi walimu tuko na kosa katika jambo hili, na mimi niko kati yao. Watu, mahali, wakati, mupango, musimuliaji, alama, vitu hivi vyote viko kama mafiga chini ya chungu. Kuvihesabu haitoshi. Inafaa kuuliza kila kimoja kinabeba nini, na chungu kitaanguka upande gani tukikiondoa.

Mwandishi na hadithi yake

Grace Ogot alizaliwa mwaka wa 1930 huko Asembo, katika Nyanza, karibu na ziwa Victoria. Alijifunza kazi ya uuguzi na ukunga, na sehemu moja ya masomo hayo aliifanya Mengo, Kampala, siyo mbali sana na sisi. Nyuma alifanya kazi ya redio kwa BBC, London, akaandika vitabu kwa Kiingereza na kwa Kijaluo, akaingia bungeni, akakuwa naibu wa waziri wa utamaduni katika serikali ya Kenya. Alikufa mwezi wa tatu 2015. Riwaya yake ya kwanza, The Promised Land, ilitoka 1966. Mwaka wa 1968 ikatoka Land Without Thunder, kitabu cha hadithi fupi. Hadithi yetu iko mule, nayo inaitwa The Rain Came, maana yake Mvula Ilikuja.

Hadithi hiyo ilikwisha kutoka mbele ya hapo, mwaka wa 1963, katika gazeti Black Orpheus la Nigeria, lakini kwa kichwa kingine: A Year of Sacrifice, ni kusema Mwaka wa Sadaka. Mizizi yake ni masimulizi ya kale ya Wajaluo ambayo mwandishi aliyasikia katika utoto wake kwa nyanya yake. Musomaji asipite haraka juu ya kichwa hiki kilichogeuzwa. Kichwa cha kwanza kinaweka sadaka mbele. Cha pili kinaficha sadaka na kutuachia mvula peke yake. Mutu akiuliza mvula ilikuja kwa sababu gani, kichwa hakimujibu. Tutarudia jambo hili mwishoni.

Hadithi kwa ufupi

Kuko ukame mukali. Ng'ombe wanakufa mashambani, watoto watafuata, na watu wote wanamwangalia mwami wao, Labong'o. Muganga wa mvula, Ndithi, amemuletea habari ya ndoto: Podho, babu wa Wajaluo wote, amesema binti mumoja ambaye hajajua mwanaume ajitoe sadaka kwa munyama wa ziwa, na siku ile mvula itanyesha kwa nguvu. Ndithi amemwona binti yule katika ndoto, musichana murefu mwenye ngozi nyeupe-nyeupe, na mukufu wa shaba unaongaa kiunoni. Labong'o anaporudi nyumbani, mutoto anakimbia kumupokea langoni. Ni Oganda, binti wake wa pekee katikati ya vijana wengi. Kiunoni mwake mukufu unaongaa.

Mwami anakusanya jamaa na kuwaambia. Mama ya mutoto, Minya, anazimia. Watu wengine wanafurahi, kwa sababu watapona. Usiku wanakula, wanacheza ngoma. Kesho yake Oganda anaanza safari peke yake, kwa miguu, kufika kwenye ziwa mbele ya jua kushuka. Karibu na maji, kitu kinamufuata katika majani. Kumbe ni Osinda, kijana anayemupenda, amejifunika vazi la majani ili macho ya mababu yasimuone. Anamuvalisha Oganda vazi kama lile, wanakimbia. Jua linashuka. Mawingu meusi yanakusanyika, radi inalia, mvula inamwangika. Hapo hadithi inakatika.

Mahali na wakati

Mwandishi hataji mwaka wala jina la kijiji. Anatupatia vitu vichache tu: joto la saa sita, ndege wenye kiu, miti inayokufa, mulango wa nyumba ya mwami uliofungwa. Ni kidogo, lakini kinatosha.

Kwa wanafunzi wetu iko shida moja ambayo mwalimu anapashwa kuijua. Sisi tunaishi karibu na mustari wa ekweta, juu ya milima, na mvula kwetu haikosi muda murefu. Mutoto wa Vulamba au wa Bulengera, ukimwambia mvula, haoni baraka kwanza. Anaona muferezi uliobomoka, nyumba iliyoingia katika korongo, kamyo iliyolala siku tatu katika matope. Yeye anaomba mvula ipunguke. Basi, kumwambia tu kwamba mahali pa hadithi ni pakavu hakumufikishi popote. Afazali aende kuuliza mulimaji wa maharagi: mwaka ule mvula ya mwezi wa tisa ilichelewa, mulikula nini? Mama yule atamujibu vizuri kuliko mimi.

Tena, jambo la mwami na mvula si geni kwetu. Mwanahistoria Randall Packard, Mumarekani, alitoa mwaka wa 1981 kitabu Chiefship and Cosmology, juu ya Bashu, hawa ndugu zetu wa teritware ya Beni. Anaonyesha kwamba mwami hakuwa tu mutu wa kuamua mashamba na kodi. Watu walimuhesabu kama fungo linalounganisha inchi na nguvu zinazoleta mvula, mavuno na afya. Ukame na njaa vilipofika, swali la kwanza lilikuwa juu ya mwami mwenyewe: je, yeye ni wa kweli? Kwa hiyo tukimwona Labong'o anakonda, tusifikiri ni huzuni peke yake. Kiti chake kinatikisika. Mahali na wakati vya hadithi njo vinamusukuma mutu huyu. Ondoa ukame, na muganga hana la kusema. Ondoa umwami, na baba angeweza kumuchukua mutoto wake usiku na kukimbia naye.

Watu wa hadithi

Labong'o ni watu wawili katika ngozi moja. Mwami hapashwe kulia, lakini baba analia, peke yake, mulango umefungwa. Iko tendo moja dogo ambalo ningependa kila mwanafunzi alione: mbele ya kuita watu, anavua taji na kichwa cha tai anachovaa mabegani, na ngoma ambayo ni kazi ya mujumbe kuipiga, anaipiga yeye mwenyewe. Mwandishi hafafanui kitu. Ametuonyesha tu mutu anayetaka kusema habari hii bila nguo za utawala, lakini anaisema hata hivyo. Huo ni ufundi wa hadithi fupi: tendo moja linafanya kazi ya kurasa tatu.

Ndithi hatumusikii sana. Ameota, amesema, basi. Hakuna mutu anayemuuliza hata swali moja. Hakuna muzee anayesema tungoje siku mbili, tuote na sisi. Kunyamaza huko si upungufu wa mwandishi. Njo picha ya nguvu ya neno linalosemwa kwa jina la wafu.

Minya anazimia, na nyuma ya hapo sauti yake inapotea. Na watu wa kijiji? Wengine watasema kijiji si mutu wa hadithi. Mimi ninasema njo mutu mukubwa kuliko wote. Kinalia kidogo, kinakula nyama, kinakunywa pombe, kinaimba sifa ya binti atakayekufa kwa ajili yao. Hawa si watu wabaya. Ni watu wenye kiu ambao wamesikia kwamba ni mutoto wa mwingine atakayelipa.

Katika safari Oganda anakutana na mutoto mudogo anayetoka kati ya watu na kumupa herini. Anamuomba ampelekee dada yake aliyekufa siku chache zilizopita, kwa sababu aliisahau. Oganda anapokea, na yeye anampa mutoto yule maji na chakula chake cha safari. Hapa machozi yangu hukaribia, hata nikiwa mbele ya darasa. Kwa mutoto yule, Oganda amekwisha kufa. Anamutuma kama vile tunavyomutuma mutu anayekwenda Kasindi. Na Oganda, ambaye hakuna aliyemupatia kitu cha kumuokoa, anatoa kitu cha mwisho alicho nacho.

Musimuliaji

Musimuliaji wa hadithi hii anajua yote na anaingia katika moyo wa kila mutu. Lakini hatupatii habari zote kwa saa moja na Oganda. Sisi tunajua mapema. Oganda ametumwa kungoja katika nyumba ya nyanya yake, naye anafikiri kikao ni cha ndoa. Anachekea moyoni wachumba wanaomutaka, anapima mumoja mumoja, anashika mukufu wake, anamufikiri Osinda.

Ni hapa uchungu wa hadithi unatoka. Mwalimu asiwaambie wanafunzi kwamba hadithi ni ya huzuni. Awaulize: ni katika mustari gani ninyi mulijua? Na ni katika mustari gani Oganda alijua? Nafasi kati ya mistari hii miwili njo hadithi yenyewe. Kama mwandishi angetufungia sisi pia katika nyumba ya nyanya, tungeshituka mara moja tu. Kwa sababu anatuacha nje na wazee, tunakuwa kidogo kama watu wa kijiji: tunajua, na hatusemi.

Alama

Mukufu wa kiunoni, ile watu wetu wanaita sheni, alipewa na Osinda wakati angali mudogo. Ni kitu cha mapendo. Lakini njo kitu kilekile ambacho Ndithi alikiona katika ndoto, na kwacho baba alimutambua mutoto wake kuwa ndiye. Mapendo yamemutia alama ya kifo. Nyuma, ni mwenye kutoa mukufu anayekuja kumutoa kwenye kifo. Alama moja, kazi tatu. Mwanafunzi anayeandika tu kwamba mukufu ni alama ya mapendo amesoma nusu.

Vazi la majani nalo linatuhusu. Osinda hakuja na mukuki. Alikuja na majani, dawa ya kujificha mbele ya macho ya mababu na ya munyama. Yeye pia ni mutoto wa desturi, hakuja na elimu ya Wazungu kumwambia Oganda kwamba mababu hawako. Anaamini kwamba wako, anaogopa macho yao, na anatumia ujuzi wa desturi ileile kuokoa mutu ambaye desturi imemutoa. Wale wanaosema hadithi hii inashindanisha desturi na maendeleo hawakuona majani haya. Mashindano yako ndani ya desturi yenyewe, kati ya sehemu inayoua na sehemu inayolinda.

Jina la Oganda, kwa Kijaluo, ni la maharagi, juu ya rangi ya ngozi yake. Kwetu majina ya Masika, Kambale, Kasereka yanaonyesha nafasi ya mutoto katika uzazi. Kule jina limetoka katika chakula. Mutoto mwenye jina la chakula anatolewa ili chakula kiote. Sijui kama mwandishi aliifikiri vile, lakini musomaji yuko na ruhusa ya kuiona.

Mwisho: mabishano ya darasa

Kila mara tunapofika mwishoni, darasa linagawanyika, na ninaliacha ligawanyike.

Kikundi cha kwanza kinasema mababu walikubali. Binti alijitoa, alitembea mwenyewe mupaka ufuko wa ziwa, hakukimbia. Mababu waliangalia moyo, hawakutaka damu. Wanafunzi hawa wanaleta Ibrahimu na Isaka, katika Mwanzo 22: kisu kilikwisha kuinuliwa, kondoo akapatikana. Ni hoja nzuri, na maandishi yanaisaidia, kwa maana katika ndoto Podho alisema binti ajitoe mwenyewe.

Kikundi cha pili kinasema mvula ilikuwa inakuja tu. Mawingu hayamujui Oganda. Ndithi aliota, na kijiji kingemuua mutoto bure. Hawa wanaleta Yefta, katika Waamuzi 11, ambaye neno lake mwenyewe lilimufunga hata akamutoa binti wake wa pekee. Ninawaambia kwamba hata Wagiriki wa kale walikuwa na hadithi ya namna hii, ya mwami Agamemnon na binti wake Iphigenia, aliyetolewa ili upepo uvume na meli ziondoke. Kila taifa limesimulia juu ya baba, binti na kitu kinachotoka mbinguni. Tusifikiri ni aibu ya Waafrika peke yao.

Kikundi cha tatu, mara nyingi wasichana, kinasema mvula ilinyesha juu ya mapendo: Osinda alishinda, na mbingu zikafurahi.

Hapa ninawarudisha kwenye maandishi. Je, mvula hii ni ya furaha? Mawingu ni ya hasira, wakimbizi hawa wawili wanaogopa. Tena kumbukeni ndoto: siku ile kila mutu abaki nyumbani, kwa hofu ya kuchukuliwa na mafuriko. Watoto wa Butembo wanaojua korongo wanaelewa neno hili haraka kuliko watoto wa inchi kavu. Mvula ileile inayookoa kijiji inaweza kuwaua wapendanao hawa kwenye njia. Mwandishi hakutuambia walifika wapi.

Na sasa jambo ambalo mimi mwenyewe nilikawia miaka kuliona. Katika kurasa za mwisho, kijiji hakiko. Ninawaambia wanafunzi: tuache Oganda na Osinda wakimbie, turudi kwa Labong'o. Usiku ule wanasikia mvula juu ya nyasi za nyumba. Wanasema nini? Wanasema: Oganda amefika. Munyama amepokea. Podho ni mukweli, Ndithi ni mukweli. Minya analia na wengine wanaweka vyungu inje. Hakuna mutu kule anayejua kwamba sadaka haikutolewa. Na ukame wa pili ukija, nyuma ya miaka kumi, watasema nini? Watakumbuka Oganda. Watamutafuta binti mwingine, tena bila shaka yoyote, sababu mara ya kwanza ilifaulu.

Njo uchungu mukubwa wa hadithi hii, nao hauandikwi hata kwa neno moja. Mvula imeokoa desturi ambayo haikuileta. Na mwandishi, kwa kugeuza kichwa toka Mwaka wa Sadaka kuwa Mvula Ilikuja, ametuacha mbele ya kitu kimoja tu ambacho hakina shaka. Mvula ilikuja. Yote mengine ni maelezo ya watu.

Yale ninayoyalaumu

Uchambuzi ambao unasifu tu ni kama harusi, hotuba zote zinafanana. Hadithi hii iko na mapungufu pia. Ninaona mawili.

La kwanza ni Oganda mwenyewe. Anapendeza, anavumilia, anatoa maji yake, lakini ni mara gani anaamua? Baba anaamua, kijiji kinaamua, mwishoni Osinda anaamua. Hata kukimbia anakimbizwa. Mutu anaweza kujibu kwamba hivyo ndivyo hali ya musichana ilivyokuwa. Sawa. Lakini mwandishi mwanamuke, ambaye ametuingiza vizuri vile katika mawazo ya binti juu ya wachumba wake, angeweza kutuingiza zaidi katika mawazo yake mbele ya ziwa.

La pili ni Osinda. Anafika kwa saa yake kabisa, jua likiwa karibu kuzama, naye ametajwa kidogo tu. Katika masimulizi ya kando ya moto hatungeshangaa, kwa kuwa musimuliaji wa mudomo anajua watu wanangoja muokozi. Katika hadithi ya kuandikwa, musomaji anataka kujua kijana alikuwa wapi usiku ule wa ngoma. Hapa masimulizi ya nyanya yamebaki na nguvu kuliko kalamu ya mjukuu. Mimi ninamusamehe, lakini mwanafunzi anayeona pengo hili apewe alama zake zote.

Na sisi je?

Wengine watasema: mwalimu, haya ni ya Wajaluo wa zamani, sisi tuko Wakristo, hatutoi binti kwa munyama wa ziwa. Kweli. Lakini swali la hadithi halikuwa juu ya munyama. Swali ni hili: shida ikitubana wote, ni nani tunamuchagua alipe, na ni nani anauliza mbele ya mutu yule kuondoka?

Sisi tumebanwa. Toka mwezi wa kumi 2014, mauaji yamelaza watu wengi katika teritware ya Beni na mitaa ya muji wenyewe. Kuanzia mwezi wa nane 2018 mupaka mwezi wa sita 2020, Ebola ilituchukulia wazazi, watoto na waganga. Katika siku kama hizo kijiji kinatafuta sababu yenye uso wa mutu. Muzee muke mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake, anaitwa mulozi. Mugonjwa aliyepona anaepukwa. Mugeni aliyelala kwenye nyumba ya jirani anashutumiwa. Vijana wa miaka kumi na mine wanapelekwa porini kulinda kijiji, na watu wazima wanaimba sifa yao, sawa walivyomuimbia Oganda. Na kimya zaidi, katika nyumba nyingi, feza ya shule ikikosekana ni binti anayetolewa, aolewe mapema au auze ndizi barabarani, ili kaka zake wasome. Tunamwambia amesaidia jamaa. Labda jamaa inapona kweli mwaka ule. Halafu tunasema: munaona, tulifanya vizuri.

Njo mvula ya Labong'o. Kufaulu kwa jambo hakuonyeshi kwamba yule aliyetolewa njo aliyelileta.

Sisemi tutupe desturi. Anayesoma hivyo hakuona majani ya Osinda. Katika desturi zetu muko pia njia za kumuficha mutu anayefukuzwa, za kumupokea mugeni, za kukaa kwenye ekyaghanda na kuuliza muzee swali mupaka ajibu. Ekyaghanda ilikuwa mahali pa kusikiliza na pa kuuliza vilevile. Kijiji cha Labong'o kilikuwa na ngoma, na muti wa kukutania chini yake, na muganga. Siku ile kilikosa mutu mumoja wa kuinua mukono.

Kwa kumalizia, ninaomba vitu viwili. Kwa walimu wenzangu: soma hadithi hii na darasa, mutafsirie Kiswahili au Kinande polepole kwa kusema, na musiwape watoto fundisho lililoandikwa tayari chini ya ubao. Waache wabishane juu ya mvula. Wakitoka wangali wanabishana kwenye njia ya nyumbani, somo limefaulu.

Kwa wazee wetu: hadithi za mvula ziko kwenu, za wami na za milima. Mutuambie, na sisi tuandike mbele ya nyumba kufungwa. Nyanya ya Grace Ogot hakuandika hata ukurasa mumoja, lakini alisimulia kwa mutoto aliyesikiliza, na leo tunabishana juu ya maneno yake huku Butembo, ngambo ya pili ya Ruwenzori. Na mutakapotusimulia, mutuvumilie, maana tutauliza: muzee, yule binti alisema nini?